Maji ya Kuoshea Nyekundu

Jumapili, 9 Juni

Nimefika Iringa nikiwa nimeganda. Kwetu Mbeya kuna baridi, lakini tumeshazoeana nayo. Hii ya huku ina upepo unaompekua mtu mpaka ndani ya soksi. Kambi iko nje ya mji, kwenye bweni la zamani lenye madirisha yasiyofunga sawasawa. Msimamizi wetu, Mwalimu Kalinga, amenipokea kwa chai ya tangawizi na habari mbaya: pampu ya maji imekufa, kwa hiyo tutaletewa maji kwa boza, na kila tone lina kazi yake. Nikamwambia mimi ni sonara, siyo dobi, maji kidogo yananitosha. Akacheka. Mimi napenda mtu anayecheka nikisema kitu.

Tanuri langu la umeme limefika salama. Vichupa vyangu vya unga wa kioo pia vimefika vyote, na kile cha nyekundu nilikipakata njia nzima kama mtoto mchanga.

Jumatatu, 10 Juni

Vijana ni kumi na wanne, wa kidato cha pili mpaka cha nne. Wengine ni wa hapahapa Iringa, wengine wanatoka Mbeya na Njombe. Nilipowauliza kama wanajua enameli ni nini, Vitus, kijana wa Mbeya mwenye mdomo kuliko mimi, akasema, "Ni ile rangi ya geti, Madam." Wakaangua kicheko. Nikawaonyesha kikombe cha bati, vile vya zamani vyenye ukingo wa bluu, nikawaambia uso wake wote ule ni kioo. Unga wa kioo unapakwa juu ya chuma, unaingizwa motoni, unayeyuka na kushikana. Sisi tutafanya hivyohivyo juu ya shaba, lakini kwa hereni na vidani.

Kisha nikajisifu. Nikakiinua kichupa cha nyekundu nikawaambia nimepewa na Ami Othmani, ndugu wa baba, aliyenifundisha kazi na ambaye sasa macho yake hayaoni tena sindano. Nikasema wekundu ule unatokana na dhahabu, ndiyo maana haupatikani ovyo. Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono.

"Madam, hiyo dhahabu, mtu anaweza akaitoa humo ndani?"

"Labda uwe mchawi wa machimbo ya Makongolosi," nikamjibu, wakacheka tena. Anaitwa Faustina, anatoka Idodi.

Jumatano, 12 Juni

Baridi. Umeme umekatika kutwa. Tumekata shaba na kuisugua kwa ndimu na chumvi mpaka vidole vikawasha.

Alhamisi, 13 Juni

Leo nimewafundisha kuosha unga. Kwanza unausaga kwenye kinu kidogo cha kaure, unatia maji, unakoroga, unaacha kidogo, halafu unamwaga yale maji yaliyochafuka. Unarudia na kurudia. Unga usiooshwa unatoka motoni ukiwa na ukungu. Nimewaambia: osheni mpaka maji yawe safi ya kunywa. Wengi wanaosha kama wanaoswaga mbuzi. Anjela, mtoto wa mjini, aliosha mara mbili akauliza kama bado.

Faustina ndiye aliyenielewa. Ana mkono mtulivu na haongei anapofanya kazi. Kipande chake cha kwanza, kijani na cheupe kwa mistari ya vikapu vya kwao, kimetoka kwenye tanuri kiking'aa hadi Vitus akasema, "Duh, huyu anatuonea." Nimempa kazi ya kuosha nyekundu kwa ajili ya darasa zima. Kichupa cha Ami hakishikwi na mwingine ila yeye na mimi.

Jumatatu, 17 Juni

Idi. Nimeswalia mjini. Niliporudi nimekuta vijana wameniandalia wali, na Mwalimu Kalinga, Mlutheri wa miaka yote, amechinjisha jogoo kwa kumwita kijana wa Kiislamu wa jirani ili mimi nile bila wasiwasi. Nilitaka kulia, nikasingizia moshi.

Jumanne, 18 Juni

Nyekundu imepungua. Nimekitazama kichupa mara mbili. Labda ni macho yangu.

Jumatano, 19 Juni

Si macho yangu.

Alhamisi, 20 Juni

Nimekasirika. Naandika jioni hii ili nitulie.

Kichupa kiko chini ya nusu. Vipande vyekundu tulivyokwisha kuchoma ni vile vidogo vya hereni, vingejaa kiganja kimoja. Unga haupai. Nikakumbuka lile swali la siku ya kwanza, kama dhahabu inaweza kutolewa. Nikakumbuka kwamba kichupa hakijashikwa na mwingine. Nikamwita Faustina mbele, katikati ya kipindi, wote wakiwa wamekaa.

"Nyekundu iko wapi?"

"Iko kwenye kichupa, Madam."

"Ile nyingine."

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa lugha ya kigeni. "Sijachukua, Madam."

Nikamwambia alete begi lake. Mwalimu Kalinga hakuwepo, alikuwa ameenda kufuatilia boza. Anjela akasema taratibu, "Madam, labda tukaangalie bwenini, sisi wasichana." Nikamwambia anyamaze. Begi likaletwa, nami nikalishika mwenyewe, nikaligeuza juu ya meza. Zikaanguka nguo, sabuni nusu, rozari, na vitambaa vyake vya mwezi, vimefuliwa vizuri na kukunjwa. Vikatawanyika mbele ya wavulana. Hakuna aliyecheka, hata Vitus. Aliinamisha kichwa akawa anaangalia viatu vyake.

Sikukuta kitu. Nikasema, na maneno haya nayaandika kama nilivyoyasema, "Mwizi mwerevu haweki kitu begini."

Faustina akakusanya vitu vyake kimoja kimoja, vitambaa kwanza. Hakulia. Nami nikaona kutolia kule ndiko ushahidi wenyewe.

Ijumaa, 21 Juni

Ameondoka. Asubuhi alimwambia Mwalimu Kalinga kwamba anaomba kwenda kwao. Mwalimu akaniita pembeni. "Mwalimu Kudra, una uhakika?" Nikamwambia ninao. Akasema, "Basi mimi sitampigia mama yake simu. Nimemwachia aeleze mwenyewe." Akampandisha gari linaloelekea njia ya mbugani.

Darasa limefanya kazi kwa utulivu wa ajabu. Nikajiambia nidhamu imeingia.

Jumapili, 23 Juni

Wote wamekwenda kanisani. Nimefua. Maji ya boza yana tope.

Jumatatu, 24 Juni

Vumbi limezidi mlangoni pa karakana. Linaingia mpaka kwenye vipande vibichi na kuviharibu. Nimewauliza mbona zamani halikuwepo. Wakatazamana, wakasema hawajui. Nimewafokea, kisha nimewaomba radhi kwa kuwafokea. Sijui nina nini wiki hii.

Jumatano, 26 Juni

Ee Mola wangu.

Leo nilitoka mapema kufungua karakana, jua likiwa chini na mwanga wake ukipita ubavuni. Mbele ya mlango ardhi ilikuwa inametameta. Nikadhani ni umande. Nikainama. Ulikuwa unga mwekundu, laini kama vumbi la pilipili, umelala juu ya udongo kuanzia kizingitini mpaka kwenye ngazi. Nikachota konzi moja ya udongo, nikautia kwenye bakuli, nikauosha kama ninavyofundisha. Nikaendelea kumwaga tope na kuosha, na chini ya bakuli ikabaki nyekundu ya Ami Othmani.

Anjela alikuwa anakuja na ufagio. Nikamuuliza, "Nani alikuwa anamwagia maji hapa?"

"Faustina, Madam. Kila asubuhi kabla ya kufagia, ili vumbi litulie. Alikuwa anachukua yale maji ya kuoshea unga, anasema kwao Idodi maji hayamwagwi bure."

Nikaishikilia fremu ya mlango. Kila mara unga unapooshwa, ule ulio laini zaidi unaelea na kutoka na maji. Jambo hili nalijua kama ninavyojua jina langu. Karakana ya Ami ilikuwa na ndoo maalumu ya maji hayo, tukiyaacha yatuame, na lile shapo lililotuama chini tukilikausha na kulipaka migongoni mwa vidani. Kwangu Mbeya ninayo ndoo hiyohiyo. Hapa sikuileta, wala sikuitaja. Nikawaambia waoshe mpaka maji yawe ya kunywa, na mtoto mtiifu kuliko wote akaosha kuliko wote, akasaga laini kuliko wote, na nyekundu ikaondoka kwa amri yangu. Tena mtoto mwenyewe hakulimwaga hilo tone chooni. Alilitumia kunitulizia vumbi mimi.

Anjela akaniuliza, "Vipi Madam, unaumwa?" Nikasema baridi tu.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Haya ningeweza kuyazoa, ardhi ipo, bakuli lipo. Ila lile begi sijui naligeuza vipi likarudi lilivyokuwa.

Alhamisi, 27 Juni

Nilidhamiria kuwaambia kipindi cha asubuhi. Nikasimama mbele, nikakohoa, nikasema, "Leo tutapaka migongo ya vidani." Nikawafundisha habari ya shapo na ndoo, kama jambo jipya la kitaalamu, bila kumtaja mtu. Wakaitikia, "Ndiyo, Madam." Vitus hakutania. Sauti yangu mwenyewe ilinichefua.

Ijumaa, 28 Juni

Bado. Kesho kuna wageni, wazazi na watu wa ofisi ya utamaduni. Nikisema leo, kambi nzima itachafuka kabla ya kufungwa. Nitasema kesho, mbele ya wote, ndipo inapostahili. Ukiisoma sentensi hiyo unaweza kudhani imeandikwa na mtu jasiri.

Jumamosi, 29 Juni

Siku ya kufunga. Vidani na hereni zilipangwa juu ya kitambaa cheusi, wageni wakapita wakipiga picha. Kipande cha Faustina cha mistari ya vikapu nilikuwa nimekificha kwenye sanduku. Nikakuta kimewekwa katikati ya meza, na karatasi yenye jina lake kamili. Sijui ni mkono wa nani. Mama mmoja wa ofisini akakipenda kuliko vyote, akauliza mwenyewe yuko wapi. Nikasema, "Alipata udhuru."

Udhuru!

Mwalimu Kalinga akanipa kipaza sauti niseme machache. Nikaona vijana kumi na watatu wamenikodolea macho, hata wale wanaopenda kuongea chini kwa chini wakiwa kimya. Nikafungua mdomo. Nikawashukuru wazazi, nikaishukuru ofisi, nikaushukuru uongozi. Nikakirudisha kipaza sauti. Rozalia, msichana wa Njombe aliyekuwa akilala kitanda cha jirani na Faustina, alitoka nje akiwa ameziba uso. Nikajiambia ni huzuni ya kuagana.

Watu walipiga makofi. Nimeaibika leo kuliko kama ningezomewa.

Jumapili, 30 Juni

Wametawanyika. Nimemweleza Mwalimu Kalinga yote, dakika ya mwisho, gari likiwa linaunguruma. Hakunikaripia. Alisema, "Ungeniambia Jumatano." Kisha akanibebea tanuri mpaka garini, na hilo ndilo lililoniuma.

Jumatano, 3 Julai

Mbeya. Nimeharibu pete mbili za mteja. Kaka yangu Idrisa, mwuza vipuri, amekuja kunywa chai dukani, akanitania: "Wewe leo mbona una adabu? Nani amekupiga?" Nikamwambia. Idrisa anapenda utani kuliko chakula, lakini aliposikia habari ya begi aliweka kikombe chini.

"Umeshatubia?"

"Kila swala."

"Kudra dada yangu, haki ya Mungu, Mungu anasamehe. Haki ya mja inakwenda kwa mja mwenyewe. Wewe unaenda kuomba kwa asiyekuwa na dai."

Amenipa hadi jina la basi la alfajiri.

Jumamosi, 6 Julai

Naandika Iringa mjini, kwenye chumba cha wageni. Nimetoka Idodi mchana huu. Nitaandika kila kitu, nisije nikajipendelea baadaye.

Safari nzima nilikuwa nayapanga maneno yangu. Nilinunua doti ya khanga ya mama yake na sukari. Nilijiona nafanya jambo kubwa, hilo nalo niliandike. Nilipokuwa naulizia nyumba, nilishaanza kuhisi wepesi kifuani, kama mtu anayekaribia kutua mzigo.

Nyumbani kwao walikuwa wanapukuchua mahindi uani, mama yake na majirani watatu, wamekaa kuzunguka turubai. Faustina alikuwa anapepeta. Aliponiona, ungo ulitulia mikononi. Nikawasalimia kwa kale ka-Kihehe kangu ka kuokoteza, "Kamwene," wakaitikia kwa furaha, wakanipa kigoda. "Mwalimu wa Faustina!" mama yake akasema. "Huyu mtoto anakusifia. Amenionyesha namna mnavyochanganya kioo na moto, hadi nikaogopa."

Anakusifia. Neno hilo lingetosha kunishtua, nikakaa kimya, nikafikiri. Lakini nilikuwa na hotuba yangu, na hotuba ilikuwa inanisukuma nje. Nikaanguka magoti pale kwenye makumvi, mbele ya majirani, nikasema kwa sauti ya kusikika:

"Mama, nimekuja kuomba radhi. Mwanao hakuiba."

Mahindi yakaacha kulia kwenye turubai.

"Hakuiba nini?" mama yake akauliza.

Nikamtazama Faustina. Alikuwa amefumba macho.

Hakuwa amesema. Aliwaambia kambi imefungwa mapema kwa sababu ya shida ya maji. Alirudi kwao, akaimeza ile aibu, akaendelea kunisifia kwa mama yake, na hapa duniani palikuwa na sehemu moja ambako neno lile lilikuwa halijafika. Mimi nikapanda basi nikalipeleka.

Nikajaribu kueleza, nyekundu, maji, kuosha, ndoo. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuzama. Jirani mmoja, wanamwita Mama Sedekia, alikuwa anauliza wenzake chinichini, "Aliiba dhahabu?" Nikasema hapana, hakuiba, hakuiba, na kila nikilitamka lile neno nilikuwa nalipigilia. Mama yake akamwuliza kitu kwa Kihehe. Faustina akajibu kwa neno moja. Mama akanigeukia, bila ukali.

"Mgeni, sisi hapa hatukuwa na habari hiyo. Amka ukae kwenye kiti."

Nikapewa uji. Nikaunywa wote, kwani kuuacha ingekuwa dharau nyingine. Nilipoaga, mama yake akamwambia Faustina anisindikize barabarani, kama anavyosindikizwa mgeni yeyote. Khanga aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka pembeni bila kuifungua.

Njiani akasema, huku akiangalia mbele:

"Hapa nilikuwa sijaitwa mwizi, Madam."

"Nilisema hukuiba, Faustina."

"Mama Sedekia atabeba neno moja tu. Kesho ni Jumapili, watalikuta kanisani."

Nikamwuliza kwa nini hakujitetea siku ile, mbona hakueleza habari ya maji.

"Nilikuwa sijui kama ni maji. Nilijua tu kwamba sijachukua. Na nilikwambia."

Kweli aliniambia. Nilikuwa na neno lake mkononi tangu mwanzo.

"Nisamehe," nikasema.

"Wale ndio walisikia," akasema. "Kina Anjela, Vitus. Wale wavulana waliona vitu vyangu. Ungewaambia wale, Madam. Huku kwetu hukuwa na kitu cha kurekebisha."

Gari likatokea. Nikarudia, "Nisamehe, mwanangu."

Akanipokea mkono kwa adabu, akapiga goti kidogo, kama walivyomlea.

"Nimesikia, Madam," akasema, akarudi kwao.

Jumatatu, 8 Julai

Shule zimefunguliwa leo, lakini vijana wengi bado wako kwenye kundi la simu la kambi, pamoja na wazazi wao na Mwalimu Kalinga. Faustina hayumo, hana simu ya namna hiyo. Nimekaa nyuma ya duka nikarekodi sauti. Nimesema jina langu, nikasema jina lake kamili. Nikasema nyekundu ilipotelea wapi na kwa kosa la nani. Nikasema juu ya begi, kwamba hakuna mwalimu mwenye haki ya kufanya nililofanya, hata kama angekuwa ameiba kweli. Nikasema nilijua tangu Jumatano ile, na nikashika kipaza sauti Jumamosi nikashukuru uongozi. Sikujitetea. Nikatuma kabla sijaisikiliza, maana ningeisikiliza ningeifuta.

Nikaona alama za kwamba wameisikiliza, mmoja baada ya mwingine. Mzazi mmoja akaandika kwamba anasikitika sana na kwamba atataka kuongea na uongozi. Ana haki.

Kisha Anjela akaniandikia peke yangu, nje ya kundi:

"Madam shikamoo. Sisi tulijua. Siku ile uliponiuliza maji, ulivyoingia ndani tulienda kuangalia wote, tukaona. Kile kipande chake ni Vitus alikitoa kwenye sanduku akakiweka mezani. Tukakubaliana tusiseme, tukuachie useme mwenyewe. Vitus akasema subirini, atasema akipewa kipaza sauti. Ulivyokirudisha ndo Rozalia akalia."

Nimesoma mpaka maandishi yakaanza kucheza. Kuanzia Jumatano hadi Jumamosi nilisimama mbele ya watoto wale nikidhani nawaficha, nao wakawa wananiitikia "Ndiyo, Madam," wakinitunzia heshima yangu kwa zamu, wakinisubiri.